Wanawake Wasio na Majina Katika Picha za Kale

Katika Maktaba ya Herskovits ya Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, zimehifadhiwa picha zipatazo 7,500 za Afrika ya Mashariki, zilizopigwa baina ya mwaka 1860 na 1960. Alizikusanya Mwingereza Humphrey Winterton, na chuo kikazinunua mwaka 2002. Zimo za Unguja, na zimo za ujenzi wa reli.

Wengi wetu hudhani kazi ya mhifadhi wa picha kama hizi ni kupangusa vumbi. Kazi yake hasa ni kuuliza. Nani alipiga, lini, wapi, kwa ajili ya nani, na aliyemo ni nani? Swali la mwisho ndilo limshindalo. Gavana huandikwa jina na cheo. Aliyemshikia mwavuli haandikwi kitu.

Kwa mama zetu hali ni nzito zaidi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wapiga picha wa Unguja na Mombasa waliuza postikadi za wanawake waliojifunga leso na kuvaa vipuli, na chini yake pakaandikwa "mwanamke wa Kiswahili", basi. Huyo alikuwa binti wa watu, ana ukoo na mtaa wake. Mhifadhi hayafuti maneno hayo, hata yakiwa ya dharau, kwa kuwa ni ushahidi juu ya aliyeyaandika. Huongeza maelezo yake kando. Wala haichomoi picha katika albamu yake. Pengine ukurasa wa pili unaonyesha pazia lile lile na kiti kile kile, na hapo ndipo studio hujulikana. Siku nzima yaweza kupita juu ya pazia moja, na jina la bibi yule lisipatikane.

Masandukuni mwetu majina bado yanapatikana, maadamu wenye kuyajua wangali hai. Kaeni na bibi, mmwonyeshe picha moja moja. Andikeni nyuma, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza, wino hupenya. Selotepu na albamu za kurasa zinazonata huziharibu picha, na unyevu wetu wa pwani huzaa kuvu, kwa hiyo bahasha za karatasi mahali pakavu ni bora kuliko mifuko ya plastiki.

Lipo na suala la sitara. Picha ya harusi iliyopigwa baina ya wanawake haikukusudiwa macho ya kila mtu, na leo simu moja yaitawanya mjini kabla ya adhana ya pili. Nyumba za kumbukumbu hupokea vitu kwa masharti ya mwenyewe: kisionyeshwe, au kisubiri miaka kadhaa. Nasi twaona neno la bibi lina uzito kuliko hamu ya mwanahistoria yeyote. Aulizwe kwanza. Akikataa, jina liandikwe, na picha irudi ndani ya bahasha yake.