Nyimbo Zilizong'olewa Mahali Pake

Wapo wanaodai kwamba santuri ya nyimbo teule ni kiporo kilichopashwa moto. Sikubaliani nao. Ile ya Eagles, bendi ya roki ya Marekani, iliyotolewa Februari 1976, ina nyimbo 10, zote zilizokwisha kutoka katika santuri zao 4 za awali. Hata hivyo, mwaka 2018 hesabu rasmi ya mauzo yake nchini humo ilifika milioni 38, ikaipiku "Thriller" yake Michael Jackson. Kiporo gani hicho!

Lawama yangu iko kwingine. "Desperado", santuri yao ya mwaka 1973, ilikuwa hadithi moja ya majambazi wa kale wa Marekani, wimbo ukiupokeza mwenzake. Wakusanyaji walichomoa nyimbo 2 tu, wakazichanganya na za mapenzi. Don Henley, mmoja wa waimbaji, alinung'unika, nami simlaumu. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliudhani wimbo wa "Desperado" kuwa nasaha kwa mpweke yeyote yule, nisijue ulizaliwa miongoni mwa majambazi.

Juzi niliitafuta santuri ile ya 1973, nikaisikiliza kuanzia wimbo wa kwanza.