Udata wa mtoto: kabla hamjakimbilia kukata

Mtoto akichelewa kusema, mtaani huulizwa swali moja: “Mlimkata udata?” Shangazi anamfunua mdomo, jirani anatingisha kichwa, na uamuzi unapita hapo hapo.

Udata ni utando mwembamba unaounganisha upande wa chini wa ulimi na sakafu ya mdomo. Kila mtu anao. Shida huja ukiwa mfupi au ukishika karibu na ncha, ulimi ukashindwa kuinuka. Mtoto akilia, ncha huonekana imebonyea katikati kama kopa.

Hali hiyo inaweza kutatiza matamshi ya sauti kama “r” na “l”, lakini si sababu ya mtoto kukosa maneno kabisa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyesema neno lolote apelekwe kupimwa masikio kabla ya mtu kugusa ulimi wake.

Udata unapoumiza mapema ni kwenye kunyonya. Mtoto hushika chuchu tu badala ya kujaza titi mdomoni, huteleza, huachia, hunyonya saa nzima na bado analia njaa. Mama naye chuchu zinachubuka, kila zamu ya kunyonyesha anaiogopa. Ila hayo yote huletwa pia na kumpakata mtoto vibaya. Ndiyo maana muuguzi mzuri huomba kwanza kumwona mama akinyonyesha, na mara nyingi tatizo huishia hapo bila mkasi.

Itazameni kadi ya kliniki. Kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini uzito wa kuzaliwa hurudi ndani ya wiki mbili hivi. Usiporudi, au mtoto wa zaidi ya siku tano akikojoa chini ya mara sita kwa siku, msingoje tarehe ya kliniki.

Ikibidi kukata, kwa mtoto mchanga ni kazi ya muda mfupi: daktari huinua ulimi, hukata utando kwa mkasi uliotakaswa, kisha mtoto huwekwa titini. Mtoto mkubwa huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Wembe wa nyumbani ni jambo jingine kabisa. Chini ya ulimi kuna mishipa ya damu na vijia vya mate, na chuma kisichotakaswa huweza kuingiza pepopunda. Hata hospitalini, kama kwenye ukoo kuna mtu ambaye damu yake haikatiki upesi, daktari aambiwe kabla hajashika mkasi.