Mkono ukifa ganzi usiku, si lazima kisu

ANAAMKA saa nane za usiku, mkono wa kulia umekufa ganzi. Anaukung'uta kando ya kitanda mpaka hisia zirudi, kisha anajaribu kulala tena. Asubuhi kikombe cha chai kinamponyoka. Jirani mmoja anamwambia hiyo ni dalili ya kiharusi. Mwingine anamshauri aongeze damu.

Mama huyu aweza kuwa mshonaji, msusi, dobi au karani. Mara nyingi kinachomsumbua ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono.

Hapo pana njia nyembamba: upande mmoja mifupa, upande wa kiganja utepe mgumu. Ndani yake hupita kano 9 za kukunjia vidole pamoja na mshipa uitwao mediani. Nafasi ikipungua, mshipa ndio huumia. Ganzi hushika dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kidole cha mwisho husalimika, na hiyo ni alama kubwa ya kuutambua ugonjwa huu.

Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Kisukari, baridi yabisi na uzembe wa tezi ya shingo huuchochea. Wajawazito nao huupata, lakini wengi hupona baada ya kujifungua.

Mbona huzidi usiku? Kwa sababu tulalapo hukunja vifundo bila kujua, na njia ile hubana zaidi. Ndiyo maana tiba ya kwanza ni banzi, kifaa cha kufunga mkononi kinachonyoosha kifundo usingizini. Huvaliwa kila usiku kwa muda wa wiki 6 au zaidi. Kisikazwe sana, na vidole viachwe huru. Wengi huchoka baada ya siku tatu na kusema hakifai kitu. Hapo ndipo hujinyima nafuu.

Tiba ya pili ni sindano ya steroidi, ambayo daktari huidunga karibu na mshipa. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulilinganisha tiba hizi mbili. Baada ya wiki 6 waliodungwa walikuwa na nafuu zaidi. Baada ya miezi 6 tofauti ilikuwa imetoweka. Basi anayeogopa sindano hana haja ya kukata tamaa.

Mchana, pumzisha mkono kila baada ya muda mfupi. Unaposhona, unapoandika au kushika simu, kifundo kiwe kimenyooka. Mtaalamu wa viungo aweza kukufundisha mazoezi mepesi ya vidole. Vidonge vya maumivu peke yake haviondoi kinachobana.

Lakini usijitibu kwa kubahatisha. Mkono ukilegea ghafla, uso ukapinda au ulimi ukawa mzito, hicho huenda ni kiharusi: kimbia hospitali mara moja. Na ikiwa ganzi haitoki mchana kutwa, au nyama iliyo chini ya dole gumba inapungua, mshipa unakufa polepole. Hapo upasuaji usiogopwe, kwani nyama ikishanyauka huenda isirudi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu, ukiwahiwa, huzibwa kwa banzi.