Matumbawe Kwenye Jokofu la Sydney: Kweli au Uongo?

Taronga, bustani ya wanyama iliyo kando ya Bandari ya Sydney, watu huiendea kuona twiga na koala. Wachache wanajua kwamba, pamoja na tawi lake la Dubbo, ina benki ya mbegu za kiume za matumbawe ya mwamba wa Great Barrier Reef, kazi iliyoanza 2011. Porojo juu yake hazikosekani.

"Matumbawe ni mawe, mbegu yatoe wapi?" Uongo. Ni wanyama, jiwe ni nyumba wanayojijengea.

"Wanasayansi wanachezea jeni." Uongo, na huu ndio unaonikera zaidi. Kila mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, siku chache baada ya mwezi mpevu, matumbawe mengi ya huko hutaga usiku. Vijidonge vya rangi ya waridi, vyenye mayai na mbegu pamoja, huibuka juu ya maji. Wataalamu huvichota, huzitenga mbegu, huzichanganya na dawa ya kuzuia barafu isipasue seli, kisha huzitumbukiza kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hakuna jeni inayokatwa wala kubandikwa. Kinachowekwa akiba ni wingi wa koo.

"Kupandikiza vipande vya matumbawe kunatosha." Nusu kweli. Kazi kama ya wanakijiji wa Wasini, Kenya, huhuisha mwamba, lakini vipande vya tumbawe moja ni mapacha: joto likimshinda mmoja, wenzake nao wamo hatarini. Kwa hiyo vichukuliwe kwa wazazi wengi.

"Matumbawe ya maji ya moto yanaweza kuyasaidia ya maji baridi." Kweli. Utafiti wa 2015 kwenye Great Barrier Reef ulionyesha kuwa uwezekano wa viluwiluwi wa matumbawe wenye wazazi wa kaskazini, kwenye joto zaidi, kustahimili joto kali ulikuwa hadi mara 10 ya wengine. Na mbegu iliyogandishwa husafiri: katika Karibi, mayai ya Curaçao yalirutubishwa kwa mbegu za Florida na Puerto Rico, na watoto wakakua.

"Basi benki hiyo itauokoa mwamba." Uongo. Joto liliupausha mwamba wa Great Barrier Reef kwa wingi 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024. Tena mayai ya matumbawe, kwa ukubwa na mafuta yake, hayagandishiki kama mbegu. Mbegu ya Taronga ikiyeyushwa lazima ikute mayai mabichi usiku uleule, na hayo hutagwa na matumbawe yaliyo hai tu.