Mkono Mtulivu wa Mpanda Farasi

Mtu amtazamapo mpanda farasi hodari huona mikono miwili iliyotulia mbele ya tandiko, nazo hatamu zimenyooka bila kulegea wala kukazwa. Kijana anayejifunza huambiwa aige utulivu huo, naye hufanya lile lililo rahisi kufikirika: hukaza viganja, viwiko na mabega ili mikono isitikisike. Matokeo huwa kinyume cha matarajio. Mikono hurukaruka zaidi, farasi hutupa kichwa juu, na mwalimu hurudia amri ile ile. Inafaa basi kuchunguza kwa nini amri hiyo peke yake haifai kitu, na ni njia ipi imfikishayo kijana kwenye mkono mtulivu.

Kinachotokea kinywani

Hatamu huishia kwenye lijamu, yaani chuma kilalacho juu ya ulimi wa farasi, katika pengo lililo kati ya meno ya mbele na magego. Hapo ukingo wa taya la chini ni mwembamba, na ufizi uufunikao ni laini. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba shinikizo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Kwa hiyo hata mvuto mdogo, ukitua juu ya ukingo mwembamba, huwa mkali.

Farasi hujifunza maana ya mvuto huo kwa kuondolewa kwake. Akivutwa kidogo naye akapunguza mwendo, mkono hulegea mara moja, na kulegea huko ndiko kumwambiako kwamba amejibu vyema. Lakini mkono unaorukaruka humvuta katika kila hatua, ajibu asijibu, hata asiweze kupambanua ishara na mtikisiko mtupu. Farasi wengine hujihami kwa kuinua kichwa au kufumbua kinywa; wengine huzoea usumbufu huo wakaacha kujibu kabisa. Hapo kijana husema kwamba farasi wake ni mkaidi, akavuta kwa nguvu zaidi, kumbe ukaidi huo ameufundisha mwenyewe.

Utulivu ulio na mwendo

Kitu husemwa kuwa kimetulia kwa kulinganishwa na kitu kingine. Mkono wa mpandaji hupaswa kutulia kwa kulinganishwa na kinywa cha farasi, wala si na kiwiliwili cha mpandaji. Farasi atembeapo polepole, kichwa chake huinama na kuinuka mara mbili katika kila duru ya miguu yake minne. Mkono usioufuata mwendo huo humvuta, ijapokuwa machoni pa mtazamaji umetulia. Farasi aendapo matiti, miguu yake hukanyaga miwili miwili kwa mshazari. Kichwa hakiinami sana, bali mgongo humrusha mpandaji mara mbili katika kila duru. Hapo mkono hauna budi kubaki mahali pake huku bega likipanda na kushuka.

Kiungo kiwezeshacho mambo hayo yote mawili ni kiwiko. Kikiwa huru, hukunjuka na kukunjika kwa kadiri ihitajiwayo. Kikikazwa, mkono na kiwiliwili huwa kitu kimoja, na kila mrusho wa mgongo hufika kwenye lijamu. Mama achukuaye ndoo ya maji kichwani hazuii maji yasimwagike kwa kukakamaa. Magoti na nyonga zake hupokea mtikisiko kabla haujafika juu.

Chanzo kiko kwenye kikao

Kwa nini basi kiwiko cha mwanafunzi hakilegei? Basi likifunga breki ghafla, abiria aliyesimama hudaka bomba lililo karibu kabla hajafikiri. Sikio la ndani na hisi za misuli hupeleka kwenye ubongo habari ya kuyumba, na mkono huagizwa kushika. Kijana anayeyumba juu ya tandiko hudaka hatamu vivyo hivyo. Kumkemea hakumsaidii, kwa kuwa tendo hilo si la hiari. La kufanya ni kuondoa kuyumba kwenyewe.

Njia hiyo hufuatwa katika Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi iliyoko Vienna, Austria, ambayo sanaa yake iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2015. Mwanafunzi mpya huanza bila hatamu wala vikuku vya kutilia miguu. Mwalimu husimama katikati, ameshika kamba ndefu, na farasi huzunguka. Mwanafunzi hujifunza kukaa kwa uzani wake mwenyewe, mpaka mkono ukose sababu ya kushika kitu.

Kijana arudishiwapo hatamu, hufaa farasi avikwe ukanda shingoni, ili mpandaji akiyumba ashike ukanda badala ya kinywa cha mnyama. Kisha usawa wa mikono hupimwa kwa kijiti kifupi kilicholazwa chini ya vidole gumba viwili. Kijiti kikiinama upande mmoja, mkono wa upande huo umeshuka. Kikienda mshazari, mkono mmoja umetangulia.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na farasi yaweza kulithibitisha jambo hili kwa kamba mbili za mita moja na nusu. Mwanafunzi wa kwanza afumbe macho, ashike ncha za kamba, kisha atembee akisogeza mikono yake mbele na nyuma kidogo, kama kichwa cha farasi. Wa pili amfuate nyuma akishika ncha nyingine: kwanza akibana viwiko mbavuni, kisha akivilegeza. Yule aliyefumba macho aseme ni lini alivutwa na ni lini alisikia ishara. Mwishowe wabadilishane nafasi, ili kila mmoja apate kuusikia mkono wa mwenzake kama farasi ausikiavyo.