Kabla ya Kununua Kamera ya Bei Kubwa Zaidi

Ikiwa unajipatia riziki kwa kuwapiga picha wageni wavukao kutoka Kilwa Masoko kwenda kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, na kamera yako ni ya pikseli milioni 12, usikimbilie kukopa ili ununue ya milioni 24. Tazama kwanza picha unazosafisha. Ya sentimita 10 kwa 15 hutosheka na pikseli milioni 2 hivi. Ya karatasi ya A4, milioni 9 hivi. Kama kinachokusumbua ni giza la ndani ya Msikiti Mkuu, lenzi inayopitisha mwanga mwingi zaidi itakufaa kuliko wingi wa pikseli. Ukiamua kununua, ijaribu dukani, dai risiti, na usome dhamana hadi mwisho: nyingi hazihusishi uharibifu utokanao na maji, nawe huvuka bahari kila siku.