Nyumba Yako na Sheria ya Mji Mkongwe

Somo letu la leo ni juu ya swali ambalo wenye nyumba wa Mji Mkongwe wa Unguja hawachoki kuliuliza. Nyumba ni yangu, nimeinunua kwa fedha zangu au nimeirithi kwa baba yangu. Kwa nini basi nikitaka kubadilisha dirisha moja tu nilazimike kwenda kuomba ruhusa?

Swali hili si la kijinga, wala haifai kulijibu kwa kusema "sheria ndivyo ilivyo." Kwanza tuitazame sheria yenyewe. Mwaka 1985 Serikali ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 1994 Mamlaka hiyo ilipata sheria yake pamoja na mpango wa hifadhi, na sheria hiyo ikaandikwa upya mwaka 2010. Taka na masoko si kazi yake. Hizo ni kazi za manispaa. Yenyewe hutazama majengo: kubomoa, kujenga, kuongeza ghorofa, kubadili milango, madirisha na roshani, hata namna ya kupiga lipu.

Hapo kwenye lipu ndipo watu wengi hukasirika, basi tukae hapo kidogo.

Nyumba za kale za mji huu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri haiwi ndefu sana, vyumba vingi vina upana wa kama mita 3 tu, hata katika nyumba ya tajiri. Ncha za boriti hizo zimeingizwa ndani ya ukuta. Sasa, ukuta wa namna hii hunyonya maji, ya mvua kutoka juu na ya ardhini kutoka chini. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwa njia hiyo maji hutoka tena kwa jua na upepo. Ukiibandua ukapiga lipu ya saruji, umeyafungia maji mlango. Yatapanda ndani ya ukuta mpaka kwenye ncha za boriti, na boriti zitaanza kuoza mahali ambapo huwezi kuziona. Kwa nje nyumba yang'aa, na majirani wanakusifu. Miaka inapita, kisha siku moja dari inashuka, na fundi alikwisha kulipwa zamani.

Jambo la pili ni uzito. Nyumba nyingi zimeshikana na zenziwe. Ukipandisha ghorofa ya zege juu ya ukuta wa matumbawe, mzigo huo hauishii kwako. Jirani naye anaupata, pamoja na mtoto wake anayelala upande wa pili wa ukuta. Ndiyo sababu naona kwamba mji una haki kamili ya kukuzuia hapa, hata kama hati ya nyumba ina jina lako peke yako.

Juu ya sura ya nyumba, mambo si mepesi hivyo. Dirisha la mbao lina gharama kubwa kuliko la alumini, na halimwangushii mtu dari. Hulindwa kwa sababu uchochoro wenye baraza zake, milango ya nakshi na roshani ni mali ya wote wapitao, na kwa ajili ya sura hiyo UNESCO iliutia mji katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lakini mjane mwenye kipato kidogo akiuliza nani atalipa tofauti ya bei, hilo ni lalamiko la haki.

Maana hapa ndipo nguvu za Mamlaka zinapokoma. Yaweza kukukataza kujenga vibaya. Kukupa fedha za kujenga vizuri ni jambo jingine. Na nyumba za Mji Mkongwe haziangushwi na wajenzi wakaidi tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa Serikali, zikakaliwa na familia kadhaa kwa kodi ndogo isiyotosha hata chokaa. Paa likivuja, hakuna aliyejua ni kazi ya nani. Kuiacha nyumba ioze hakuhitaji kibali cha mtu yeyote.

Wala msidhani kwamba wenye nyumba wadogo ndio peke yao wenye makosa. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ni mali ya Serikali yenyewe. Sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, wakati matengenezo yanaendelea, na watu 2 wakafa. Kabla ya hapo, hoteli kubwa ilijengwa pwani ya Shangani, penye nyumba ya Mambo Msiige, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikalalamika kwamba ukubwa na umbo lake havikuufaa mji. Mtu aliyekatazwa dirisha lake hulitazama jengo lile kila apitapo, na haiwi rahisi kumwambia kwamba sheria ni moja.

Basi ukitaka kutengeneza nyumba yako, nenda ofisini kabla ya kumwita fundi, si baada yake. Chukua picha ya nyumba ilivyo sasa. Eleza ni kitu gani kimeharibika na unataka kukitengeneza kwa vifaa gani. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, na uulize pia ni njia gani ingekubaliwa. Fundi naye umuulize swali moja: lipu yako ni ya chokaa au ya saruji? Akicheka, tafuta fundi mwingine.